Paka mwenye kisukari: ale nini, saa ngapi, na lini usimchome

Paka wengi wa nyumbani hapa Mbeya wanakula kinachobaki jikoni: ugali uliolowekwa kwenye mchuzi wa dagaa, wali na maziwa, leo viazi, kesho ndizi. Paka mzima anayewinda panya usiku anaweza kuishi hivyo miaka mingi. Mwenye kisukari hawezi. Daktari wa mifugo akishakuandikia insulini, nusu ya tiba inabaki kwenye bakuli, na bakuli na sindano havitenganishwi. Anayebadilisha chakula huku dozi ikibaki ileile anaweza kumuua paka wake kwa nia njema kabisa.

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Sukari inayohitajika mwilini mwake hutengenezwa na ini lenyewe kutokana na protini, muda wote, hata akiwa hajala. Hajaumbwa kupokea wanga mwingi kwa mkupuo. Kisukari chake kwa kawaida kinafanana na aina ya pili ya binadamu: insulini ipo, ila mwili umeacha kuitikia, na kongosho linazidi kuchoka kadiri sukari inavyobaki juu. Wanaopatwa zaidi ni paka wanene, wenye umri mkubwa, na madume waliohasiwa. Dawa za steroidi nazo huchangia, kwa hiyo kama paka wako amekuwa akichomwa deksamethasoni au kupewa prednisoloni kwa ajili ya muwasho wa ngozi, mtajie daktari hata asipouliza.

Tufanye hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayoshawishi watu. Paka wa kilo 4 anahitaji kalori kama 200 kwa siku. Wanga usizidi sehemu ya kumi ya kalori hizo, yaani kalori 20, sawa na gramu 5 tu za wanga kwa siku nzima. Sasa angalia: mililita 100 za maziwa ya ng'ombe zina sukari karibu gramu 5. Chini ya nusu kikombe, na kiwango cha siku kimekwisha kabla hajala kitu. Tonge la ugali la ukubwa wa yai, kama gramu 50, lina wanga zaidi ya gramu 10. Ndiyo maana "ugali kidogo tu" haupo kwa paka huyu, na wala haijalishi kama ni dona au sembe.

Chakula kikavu cha mfuko nacho kipime kwa hesabu, usidanganywe na picha ya nyama. Kiasi cha wanga mara nyingi hakiandikwi, lakini unakipata kwa kutoa: chukua 100, ondoa protini, mafuta, maji, majivu na nyuzi. Mfuko ulioandikwa protini 32, mafuta 12, maji 10, majivu 7 na nyuzi 3 unakuachia wanga 36 katika kila gramu 100. Hapo zaidi ya theluthi moja ya kalori zinatoka kwenye wanga. Chakula laini cha kopo kwa kawaida kina wanga mdogo zaidi, ila nacho kisome, hasa kile chenye mchuzi mzito, maana uzito huo mara nyingi ni unga.

Kwa wengi wetu jibu lipo sokoni. Nyama ya kuku iliyochemshwa bila ngozi ina kalori kama 170 kwa gramu 100, kwa hiyo paka wa kilo 4 anahitaji gramu 115 hadi 120 kwa siku. Lakini nyama tupu haimtoshi kwa muda mrefu. Mchanganyiko ninaoupendekeza ni kwa kila kilo moja: gramu 750 za mapaja ya kuku yasiyo na mifupa, gramu 200 za moyo wa ng'ombe na gramu 50 za maini. Moyo una taurini nyingi, na paka akiikosa hupofuka na moyo wake hudhoofika. Maini usiyazidishe, vitamini A hujirundika mwilini. Chemsha kwa maji machache, bila kitunguu maji, kitunguu saumu wala chumvi (vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka), kisha mpe pamoja na supu yake, kwa kuwa taurini nyingi huhamia kwenye maji. Ganda la yai lililokaushwa na kusagwa laini kama unga, kijiko kimoja cha chai kwa kilo hiyo, linaongeza kalsiamu ambayo nyama haina. Hata hivyo bado kuna vitamini na madini yanayopungua, hivyo akila hivi kwa miezi muombe daktari nyongeza ya vitamini ya paka. Mwenye ugonjwa wa figo apangiwe chakula chake peke yake, protini nyingi inaweza isimfae.

Dagaa ni chakula kizuri, na usipa wa Ziwa Nyasa wanaopanda kutoka Kyela ni wazuri sana, mradi hawana chumvi. Waoshe mchanga utoke, waloweke, wachemshe, umpe paka wakiwa na vichwa na mifupa. Wabichi usimpe: baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Wa kukaanga nao hapana.

Sasa saa. Insulini nyingi za paka huchomwa mara mbili kwa siku, saa 12 kati ya sindano na sindano. Saa 1 asubuhi na saa 1 jioni zinafaa nyumba nyingi, kabla watu hawajatoka na baada ya kurudi. Kwa paka anayekula gramu 120 kwa siku, mpe gramu 45 kila sindano, na milo miwili midogo ya gramu 15 katikati, saa 7 mchana na saa 5 usiku. Hiyo midogo ninaipenda kwa sababu insulini hufikia nguvu yake ya juu takriban saa 4 hadi 8 baada ya kuchomwa, na kitu tumboni wakati huo ni kinga. Kama mchana hakuna mtu nyumbani, milo miwili ya gramu 60 inatosha. Ukichelewa au kuwahi nusu saa hakuna madhara. Ukiisahau sindano kabisa, subiri inayofuata na usichome mbili. Ukiwa huna uhakika kama mwenzako ameshachoma, usirudie: sukari kupanda kwa saa 12 ni afadhali kuliko dozi maradufu. Karatasi ukutani karibu na jiko, kila anayechoma anaweka alama hapohapo, inaondoa ubishi huo.

Mpangilio wa kila mlo wa sindano ni huu: pima sukari, weka chakula, tazama akila, ndipo uchome. Usichome kwanza. Akila nusu tu, wengi hupewa nusu ya dozi. Kubaliana na daktari wako mapema kuhusu hilo. Asipokula kabisa au akitapika, usichome, mpigie daktari. Na usimwache paka mnene akae bila kula zaidi ya siku moja ukidhani njaa itamlazimisha, kwa kuwa mafuta huvamia ini lake na ugonjwa huo unaua.

Kupima ni kwenye ukingo wa sikio, tone moja la damu, kwa mashine ileile wanayotumia watu. Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu, na zaidi Njombe na Makete kwenye barafu ya alfajiri, sikio linakuwa baridi na damu haitoki hata ukidunga mara tatu. Chovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, kikamue, kitie kwenye kifuko kidogo cha plastiki na ukishikize sikioni kwa dakika moja. Mshipa utauona umejitokeza. Weka pamba nyuma ya sikio ili usijidunge kidole. Mashine ya watu kwa kawaida husoma chini kidogo ya hali halisi kwa damu ya paka, kwa hiyo tumia hiyohiyo moja kila siku. Kwa anayeanza, kipimo kikiwa chini ya 11 (mashine inayosoma kwa mmol/L) kabla ya sindano, usichome mpaka uongee na daktari. Chini ya 3.3 ni hatari wakati wowote.

Kuhusu bomba la sindano nitasema kwa msisitizo. Insulini ya watu ina yuniti 100 kwa kila mililita, baadhi ya insulini za mifugo zina yuniti 40. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 na kufuata alama zake, umempa dozi mara mbili na nusu. Soma chupa, soma bomba, namba zifanane. Paka wengi huanza na yuniti 1 tu, hivyo tafuta bomba dogo la mililita 0.3 lenye alama za nusu yuniti. Na ile insulini ya mchanganyiko ya 70/30 ambayo watu wengi wanaitumia haimfai paka, kwa kuwa hushusha kwa kasi na kuisha mapema. Insulini iitwayo glajini ni miongoni mwa zinazomfaa. Chupa ikae kwenye friji, mbali na sehemu ya kugandisha. Ikiganda hata mara moja, itupe, hata kama bado inaonekana safi.

Kumtoa kwenye ugali ndipo ajali nyingi zinapotokea. Paka aliyepangiwa yuniti 3 akiwa anakula ugali, akihamishiwa nyama ghafla, zile yuniti 3 zinakuwa nyingi mno ndani ya siku chache. Mjulishe daktari kabla ya kuanza. Punguza ugali kwa robo kila baada ya siku mbili au tatu, jaza pengo kwa nyama yenye supu ya dagaa ili harufu imvute, na pima sukari kila siku katika kipindi chote hicho. Waombe pia majirani. Paka hutembea, na sahani ya wali nyumba ya pili inavuruga vipimo vyako bila wewe kujua. Paka akikamata panya, aachwe amle, ni nyama tupu. Tatizo ni sumu ya panya tu.

Dalili za sukari kushuka mno ni kulegea, kupepesuka, kutetemeka, njaa ya ghafla au kukodoa macho kama hakutambui, kisha degedege. Akiwa anaweza kumeza, mpe chakula mara moja na kijiko cha chai cha asali au glukosi ya unga iliyokorogwa kwa maji. Akiwa hawezi, mpake asali kwenye fizi kwa ncha ya kidole, pembeni, usimmiminie mdomoni maana itaingia mapafuni, na akiwa kwenye degedege weka vidole mbali na meno. Kisha kwa daktari, hata akiamka, kwa sababu insulini bado ipo mwilini.

Paka mnene apungue polepole, asilimia 0.5 hadi 1 ya uzito kwa wiki. Kwa wa kilo 6 hiyo ni gramu 30 hadi 60, na mizani ya bafuni haioni tofauti hiyo. Mtie kwenye kikapu chenye mfuniko, mpime kila wiki kwenye mizani ya duka la nafaka, uondoe uzito wa kikapu.

Wapo wanaofika mahali wasihitaji insulini tena, hasa wakianza tiba mapema na kuachana na wanga. Utaona kwenye vipimo: sukari kabla ya sindano inashuka wiki hadi wiki. Daktari ndiye anayepunguza dozi, kidogokidogo. Sindano ikishasimama, chakula kibaki kilekile na uendelee kupima angalau mara moja kwa wiki. Ugali ukirudi, kisukari mara nyingi hurudi nao.