Je, wajua kwa nini ukuta waandikika ilhali si wa kuandikia?

Katika saiba moja ya kichochoroni hapa Lamu, mzee alileta fomu ndani ya flashi ili ajaziwe jina la mashua yake. Kijana akabofya, akabofya tena. "Haiandikiki hii, ami."

Mzee akaisogelea skrini. "Haiandikiki vipi, na maandishi yamejaa tele?"

Tulicheka, lakini mzee alikuwa na hoja. Kiswahili hakina kivumishi kimoja cha kitu kinachokubali maandishi. Vivumishi vyetu vya asili ni vichache, kwa hiyo kazi hiyo tumekitwika kitenzi. Andika ukiitia -ik- yawa andikika. Soma, kwa sababu ya ile o, yachukua -ek- na kuwa someka. Hata hariri, neno la Kiarabu, halileti taabu: haririka. Kisha twasema faili linaloandikika, waraka usioharirika.

Tatizo ni kwamba -ik- ina nyuso mbili. Maji yakimwagika hayazoleki: mwagika ni jambo lililokwisha kutokea, zoleka ni uwezekano. (Na ile l ya zoleka, ambayo katika zoa huioni, ni l ya kale iliyomezwa, hapo yajitokeza tena.)

Halafu kuna swali la nini hasa kinachoandikika. Neno laweza kuandikika au lisiandikike: pweza na chaza haviandikiki kwa herufi za Kiarabu zilivyo, mpaka uziongezee nukta upate p na ch. Mzee alisikia maana hiyo, na maneno ya fomu yalikwisha andikwa, tena kwa wino mweusi. Kijana alikuwa akisema juu ya mahali pa kuandika.

Kwa mahali tuna neno jingine: kuandikia. Ubao wa kuandikia ni uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukuta wa chokaa si wa kuandikia, lakini mpe mtoto kipande cha mkaa uone kama hauandikiki. Chuoni zamani, yaani madrasa, mtoto aliandika aya juu ya ubao wa mti, kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Akishahifadhi, ubao waoshwa, waanikwa, waandikwa upya. Ndivyo ilivyokuwa CD ya RW, ile ifutikayo na kuandikwa tena. Ile ya R tu huandikika mara moja, basi.

Kwenye kompyuta ndiko tunakojikwaa zaidi. Katika Linux, mfumo mmoja wa kuendeshea kompyuta, kila faili lina ruhusa tatu zenye namba: kusoma 4, kuandika 2, kutekeleza 1. Faili la 644 mwenyewe hulisoma na kuliandika (6 ni 4 na 2), wengine husoma tu (zile 4 mbili). Ukilifanya 444, hata mwenyewe hulisoma tu, mpaka abadilishe ruhusa. Diski ni ile ile, nafasi ipo. Kilichozuia ni amri. Kuliita faili hilo "lisiloandikika" ni kusingizia ubao kosa la mwalimu.

Kwa amri na adabu Kiswahili tayari kina umbo lake, nalo tulilijua kabla ya kompyuta. Mkate haukanyagwi. Mkubwa haitwi kwa jina tupu. Mkate wakanyagika, mguu ukiupata, ila haukanyagwi. Kwa hiyo faili la 444 mimi husema haliandikwi. "Haliandikiki" naiachia CD ya R iliyojaa.

Na fomu ya mzee? Ilikuwa picha ya karatasi iliyopigwa skana, vidoa vya rangi tu visivyo na herufi hata moja ndani yake, kwa hiyo kwa programu aliyokuwa nayo kijana kweli haikuharirika. Akaichapa. Mzee akatoa biro mfukoni, akaiegemeza karatasi mezani, akaandika jina la mashua taratibu kwa herufi kubwa.

"Mbona yaandikika?"