Mkataba wa kuhamisha sampuli: maana yake, na kwa nini usainiwe kabla sampuli haijasafiri

Mkataba wa kuhamisha sampuli ni makubaliano ya maandishi kati ya taasisi inayotoa sampuli na ile inayoipokea. Sampuli yaweza kuwa damu, mbegu, udongo, gome la mti wa dawa au bakteria. Mkataba hueleza sampuli ni mali ya nani, itafanyiwa kazi gani, nani mwingine anaruhusiwa kuigusa, na iwapo kitapatikana kitu cha kuuzwa, mgao utakuwaje. Maabara nyingi huuita MTA, kifupi cha jina lake la Kiingereza, Material Transfer Agreement. Usichanganywe na kibali cha utafiti kinachotolewa na tume za taifa za sayansi na teknolojia, NACOSTI Kenya au COSTECH Tanzania. Kibali humruhusu mtafiti kufanya kazi nchini, lakini mkataba huifuata sampuli hadi kwenye friji ya maabara ya ng'ambo.

Chukua mfano wa Ziwa Bogoria, Kenya. Maji yake ni ya magadi makali na kando yake kuna chemchemi zinazotokota. Bakteria wanaoishi humo wana vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, visivyoharibika kwenye mazingira hayo, na hivyo ndivyo viwanda vya sabuni na nguo vinavyovitafuta. Mwaka 1992 watafiti kutoka Uingereza walichukua sampuli huko. Baadaye kampuni ya Marekani, Genencor, ikatengeneza vimeng'enya vya kufubaza rangi ya jinzi, kazi iliyokuwa ikifanywa kwa kuziosha pamoja na mawe. Mwaka 2004 Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya, KWS, lilijitokeza hadharani kudai sehemu ya faida.

Dai lile lilikuwa na uzito wa haki, lakini kisheria lilisimama pagumu. Mkataba wa Kimataifa wa Bayoanuwai, unaotambua mamlaka ya nchi juu ya rasilimali zake za kijenetiki, ulianza kutumika Desemba 1993, baada ya sampuli kuondoka. Itifaki ya Nagoya iliyo chini ya mkataba huo, inayohitaji idhini ya mapema na masharti ya mgao, ilianza Oktoba 2014. Nchi inayodai baada ya bidhaa kuingia sokoni inabaki kuomba, wakati kabla sampuli haijatoka ingekuwa na nafasi ya kukataa. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa zaidi katika ushirikiano wa utafiti: kuyaacha mazungumzo ya umiliki hadi matokeo yawe mazuri.

KWS ilibadili mwendo mwaka 2007 kwa kuingia makubaliano na kampuni ya Denmark, Novozymes, na safari hii masharti yalitangulia utafiti. Bado liko swali la wenyeji. Waendorois walihamishwa kutoka eneo hilo la Bogoria miaka ya 1970, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilipoamua kesi yao, uamuzi uliotangazwa mwaka 2010, ilitaka pia walipwe mrabaha wa shughuli za kiuchumi za hapo. Mkataba unaotaja serikali na kampuni tu umewasahau watu wenye ardhi.

Unaposoma rasimu, usiishie kwenye kurasa za salamu. Tafuta neno “utafiti”. Kifungu kinachosema sampuli zitatumika “kwa utafiti na maendeleo” kinafungua mlango wa biashara. Kinachosema “kwa utafiti wa vimeng'enya vilivyotajwa katika Kiambatisho A pekee” kinaufunga, na matumizi mapya yatahitaji kibali kipya. Kisha tafuta mtu wa tatu: je, chuo mshirika kinaweza kuipa kampuni sampuli hizo bila kukuuliza? Tafuta pia mwisho wake, yaani kinachobaki kirudishwe au kiteketezwe.

Halafu kuna hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi. Takribani mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Nairobi kililalamika kuachwa nje ya maombi ya hataza ya chanjo ya UKIMWI iliyotokana na utafiti wa pamoja na Oxford, utafiti uliowategemea wanawake wa Nairobi walioonekana kutoambukizwa virusi. Mwishowe chuo kilipewa umiliki wa pamoja, lakini baada ya mvutano. Sentensi moja ndani ya mkataba, kwamba hataza yoyote itaombwa kwa majina ya pande zote zilizochangia ugunduzi, ingeepusha mengi.

Siku hizi hata chupa si lazima isafiri. Bakteria husomwa jeni zao papa hapa, faili likatumwa kwa intaneti, na maabara ya mbali ikatengeneza kimeng'enya kutokana na herufi zile. Kwa hiyo mkataba utaje wazi data za jeni pamoja na sampuli yenyewe: nani anapewa nywila, faili linahifadhiwa kwenye seva ya nani, na litawekwa lini kwenye hifadhidata ya umma, kwa maana likishawekwa huko, yeyote anaweza kulipakua.