Sifuri ya kazi kwenye mashine ndogo ya CNC

Mashine ndogo ya CNC ya kuchongea, yaani inayoongozwa na kompyuta kwa namba, haioni ubao uliofungwa mezani. Haijui ubao umeanzia wapi, una unene gani, wala kibano kimekaa kona ipi. Kazi yake ni kuhesabu tu. Mota za stepa zinazotumika kwenye mashine nyingi za nyumbani hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Kidhibiti kikigawa kila hatua mara 8, na skrubu ikasogea milimita 8 kwa mzunguko, utapata hatua ndogo 200 kwa kila milimita. Ukiiagiza iende X50, yaani milimita 50 kwenye mhimili wa X (X ni kushoto na kulia, Y ni mbele na nyuma, Z ni juu na chini), itazihesabu hatua zote bila kukosea. Lakini itaanza kuhesabu kutoka wapi?

Mahali hapo ndipo panapoitwa sifuri ya kazi. Ni nukta unayoichagua wewe mwenyewe, kwa kawaida kona ya mbele kushoto au katikati ya ubao, na vipimo vyote vya faili huhesabiwa kutoka hapo. Nukta hiyo lazima iwe ileile uliyoiweka kwenye programu ya kuchorea. Ukichora ukiwa umechagua katikati, kisha mashineni ukaweka kona, robo tatu ya mchongo itaangukia nje ya ubao, penye vibano na meza.

Isichanganywe na sifuri ya mashine. Hiyo haibadiliki: mashine huipata yenyewe kwa kusogea polepole hadi iguse swichi za mwisho wa mihimili. Sifuri ya kazi ni umbali tu kutoka hapo, nao huhifadhiwa chini ya amri ya G54. Zipo nafasi sita, hadi G59. Jambo la kuangalia sana ni kwamba vidhibiti vingi hukumbuka umbali huo hata umeme ukizimwa. Mashine isiyo na swichi za mwisho ikiwashwa upya huchukua popote ilipo kuwa ndipo mwanzo, kwa hiyo umbali wa jana unakuwa wa uongo. Weka sifuri upya kila unapowasha.

Mhimili wa Z ndio unaostahili subira kuliko yote, kwa sababu kosa la X au Y huharibu ubao, ila kosa la Z huvunja kisu na kurusha vipande. Zima spindo, yaani mota inayozungusha kisu, weka karatasi juu ya ubao, shusha kisu kidogo kidogo huku ukiivuta karatasi, na usimame inapoanza kukwama. Karatasi ya kawaida ina unene wa karibu milimita 0.1. Kibati cha kupimia, yaani kipande cha chuma chenye waya ambacho mashine hutambua kisu kikikigusa, ni bora zaidi, mradi unene wake uliouandika kwenye programu ni sahihi na umekiondoa kabla ya kuwasha spindo. Ukibadilisha kisu, X na Y zinabaki lakini Z inafutika, maana hakuna visu viwili vinavyochomoza sawasawa. Kwa kazi ya kukata hadi chini, mimi napendelea Z ianzie kwenye uso wa meza: ubao ukiwa mnene au mwembamba kidogo kuliko ulivyodhani, kisu hakitachimba meza.

Hata sifuri iliyowekwa vizuri inaweza kupotea kazi ikiendelea. Mota hizi kwa kawaida hazina kitu cha kuthibitisha kwamba hatua iliyoagizwa imepigwa. Kisu kikilazimishwa kula kina kirefu mno, mhimili hukwama, hatua zinapotea, na mashine inaendelea kana kwamba iko mahali pake. Ukisikia mlio wa kusaga usioueleza, simamisha. Kipimo nacho kinaweza kukudanganya: G21 ni milimita, G20 ni inchi, na tofauti yake ni mara 25.4.

Ndiyo maana faili mpya ipitishwe hewani kwanza. Weka Z sifuri ncha ya kisu ikiwa milimita 20 juu ya ubao, ikiwa mchongo hauzidi kina hicho, kisha endesha spindo ikiwa imezimwa. Tazama kutoka juu, si pembeni tu, kwa kuwa kisu kilichoinuliwa kitapita juu ya kibano ambacho kingekigonga. Ukiridhika, rudisha Z mahali pake.

Wakati wa kukata kwenyewe vaa miwani ya kinga, funga nywele, kunja mikono ya shati, na usivae glovu, kwani kisu kinachozunguka huikamata glovu na kuvuta mkono pamoja nayo. Vumbi la mbao livutwe na mashine ya kufyonza, nawe uvae barakoa. Usiondoke chumbani: kisu butu kinachosugua mahali pamoja huweza kuwasha maranda. Swichi ya dharura iwe karibu na mkono, mahali unapoweza kuifikia bila kuinama juu ya spindo.