Kofia hailindi shingo kwenye hedispini

Kuna hii imani kwamba ukivaa kofia nene au beani basi hedispini, yani kuzunguka juu ya kichwa kwenye breki dansi, ni salama, we jizungushe tu. Sio kweli jamani. Kofia kazi yake ni kupunguza msuguano ili uteleze, na inaokoa ngozi na nywele, ila uzito wa mwili bado unashuka kwenye pingili 7 za shingo na hapo kofia haisaidii kitu. Hata kichwa chenyewe kinaumia taratibu, mwaka 2024 madaktari Denmark waliripoti jamaa aliyecheza breki dansi miaka 19 mpaka akaota uvimbe utosini ikabidi afanyiwe operesheni.

Kinachokulinda ni mikono. Anza na kusimamia kichwa, viganja viwili chini na kichwa mbele yake vitengeneze pembetatu, mikono ibebe sehemu kubwa ya uzito, kaa hivyo mpaka nusu dakika isikutetemeshe, halafu ndo usukume kwa mikono robo duara, tulia hapo, tafuta balansi, robo tena, na kasi usiitafute kabisa wiki za mwanzo maana itakuja yenyewe. Jifunze kushuka kabla ya kuzunguka, yani ukiyumba unakunja magoti unatua kwa miguu, usijaribu kujiokoa kwa kukaza shingo, tafadhali sana.

Na ukisikia ganzi au umeme unashuka mkononi, acha siku hiyo hiyo ukamuone daktari, hiyo sio misuli kuchoka.