Je, wajua kwa nini baadhi ya wavuvi hufuatwa na hospitali hukohuko baharini?

Mvuvi akiumia karibu na pwani hurudishwa bandarini na kupelekwa hospitali. Kwa meli iliyo mwendo wa siku kadhaa kutoka nchi kavu, hesabu hubadilika: kumrudisha mgonjwa mmoja ni kuacha samaki, kuchoma mafuta na kupunguza kipato cha mabaharia wote, ambao mara nyingi hulipwa kwa mgawo wa kilichovuliwa. Nahodha hushawishika kusubiri, na mgonjwa mwenyewe hunyamaza asije akalaumiwa.

Shida ni kwamba majeraha ya uvuvi hayasubiri. Ndoana ina kijino kinachoizuia kutoka ilikoingilia, hivyo njia mojawapo ya kuitoa ni kuisukuma mbele hadi ncha itokeze upande wa pili wa ngozi, kukikata kijino kwa koleo, kisha kuivuta nyuma. Kidole kilichochomwa na ndoana kikiendelea kushika samaki na maji ya chumvi bila kutibiwa, huweza kujaa usaha na kuuvimbisha mkono mzima. Kuna pia majipu ya vifundo vya mikono, yanayoletwa na koti la mvua linalosugua ngozi iliyolowa, na vidole vilivyosagwa na winchi, yaani mashine ya kuvutia nyavu na kamba, sembuse ugonjwa wa kidole tumbo, usiojali mtu yuko wapi.

Ndiyo maana zipo meli za hospitali zinazowafuata wavuvi baharini, na huduma hii ina historia ndefu. Jumuiya ya misheni iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1881 kwa ajili ya wavuvi wa Bahari ya Kaskazini ndiyo iliyomtuma daktari Wilfred Grenfell hadi Labrador, pwani ya mashariki ya Kanada, mwaka 1892, kwa meli iitwayo Albert. Wareno walijenga meli ya hospitali Gil Eannes huko Viana do Castelo, Ureno, ikashushwa majini mwaka 1955, ili iwahudumie wavuvi wa bacalhau (samaki aina ya chewa) karibu na kisiwa cha Newfoundland, Kanada, na Greenland, ambako kila mvuvi alishushwa peke yake katika kimashua chenye mishipi yake. Meli hiyo ilikuwa na chumba cha upasuaji, lakini pia ilibeba barua, chambo na vyakula, ikavuta meli zilizoharibika na kuvunja barafu. Kwa maoni yangu, mvuvi aliyekaa miezi bila habari za nyumbani huenda aliisubiri barua kuliko daktari.

Leo Hispania ina meli mbili za namna hii, Esperanza del Mar na Juan de la Cosa, na matibabu yake ni bure. Kwa kawaida nahodha huanza kwa kuzungumza kwa redio na daktari aliye Madrid, naye huamua kama dawa zilizomo kwenye sanduku la meli zinatosha. Zisipotosha, meli ya hospitali hukutana na meli ya uvuvi njiani. Mawimbi yakiwa makubwa ni hatari meli mbili kukaribiana ubavu kwa ubavu, kwa hiyo mgonjwa huchukuliwa kwa boti ndogo. Helikopta ni ya kasi zaidi, ila mafuta yake huiwekea mpaka wa umbali, tena haiwezi kumlaza mgonjwa kwa siku tatu chini ya uangalizi kisha kumrudisha kazini kwenye meli yake.