Kwa Nini Waasisi wa Hip Hop Waliheshimiwa Bila Kulipwa

Sisi tunaotoa elimu ya hakimiliki huulizwa mara kwa mara: inakuwaje msanii anayeheshimiwa na wasanii wenzake wote akose fedha? Mimi hujibu kwa kisa cha Grandmaster Caz, msanii wa rap wa Bronx.

Mwaka 1979 kundi la Sugarhill Gang lilitoa "Rapper's Delight", na kwa wasikilizaji wengi ndipo waliposikia rap kwa mara ya kwanza. Kwenye sherehe za Bronx, New York, kulikochanwa (yaani kuimbwa rap) kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, kundi hilo halikuwa na jina kubwa. Mwenye jina alikuwa Caz. Meneja wake, Big Bank Hank, alifanya kazi kwenye duka la piza huko Englewood, New Jersey, na ndiko Sylvia Robinson wa kampuni ya muziki ya Sugar Hill Records alikomkuta akichana, akamwingiza Sugarhill Gang. Hank aliazima daftari la mistari la Caz, akaingia studio. Akachana mistari ile kama ilivyo, hata pale Caz anapotaja herufi za jina lake la usanii, Casanova. Jina limo ndani ya wimbo, lakini kwenye orodha ya watunzi Caz hayumo, na mwenyewe amesema hadharani kwamba hakulipwa.

Sasa angalia muziki wa wimbo huohuo. Ulitokana na "Good Times" ya kundi la Chic. Watunzi wake, Nile Rodgers na Bernard Edwards wa Chic, walipotishia kwenda mahakamani, waliandikwa kuwa watunzi. Hao walikuwa wasanii wa Atlantic, kampuni kubwa, na walijua pa kudai. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika 1978 ililinda pia daftari la Caz, ila kufungua kesi kulihitaji kwanza kusajili kazi.

Ndiyo maana tunasisitiza: kabla wimbo haujatoka, andikeni majina ya watunzi wote na mgawo wa kila mmoja, kisha wote mtie sahihi. Karatasi hiyo Caz hakuwa nayo.

Madijei waliumia kwa namna nyingine. Ufundi wao ulikuwa wa jukwaani, na studio za mwanzo zilitumia bendi kupiga ala upya, hivyo dijei akawekwa kando. "The Message" ya 1982 ina jina la dijei Grandmaster Flash, ilhali sauti ni za Melle Mel na Duke Bootee.

Naye dijei Kool Herc, aliyepiga muziki kwenye sherehe ya dada yake tarehe 11 Agosti 1973, alirefusha kipande cha wimbo chenye mdundo wa ngoma kwa kutumia santuri mbili zinazofanana. Rock and Roll Hall of Fame, taasisi ya Marekani inayoenzi wanamuziki, ilimtunuku mwaka 2023. Mrabaha, yaani malipo ya kutumiwa kwa kazi, wa ubunifu ule haukuwahi kuwepo, kwa sababu hakimiliki hulinda wimbo uliorekodiwa au kuandikwa. Mbinu ya kuupiga hailindwi, na kila dijei aliyeiona aliruhusiwa kuiiga.