Waya wa iridiamu kwenye vidimbwi vya mwani: utando wa oksidi unavyopima pH, na unavyokosea

Kwa kupima pH, yaani kiwango cha asidi au alkali cha maji, elektrodi ya kioo haina mpinzani maabara. Ufukweni Paje au Jambiani, Unguja, ina taabu mbili: huvunjika, na ukinzani wake hufika mamia ya megaomu, kwa hiyo multimita ya fundi umeme yenye megaomu 10 haiwezi kuisoma. Elektrodi ya oksidi ya metali ni waya tu, na multimita hiyo hiyo huisoma vizuri. Lakini ina taabu zake, na asiyezijua ataandika namba zisizo na maana.

Kinachohisi pH si waya, ni utando wa oksidi juu yake. Iridiamu, metali ya jamii ya platinamu, ndani ya utando huwa katika hali mbili, ya III na ya IV, na kila inapohama kutoka moja hadi nyingine hubadilishana na maji elektroni na protoni kwa pamoja. Protoni moja kwa kila elektroni hutoa mteremko wa milivolti 59.2 kwa pH moja kwenye nyuzi 25, au 60.2 kwenye nyuzi 30; pH ikipanda, volteji hushuka. Utando uliojengwa ndani ya maji hubeba maji mengi na protoni huzidi elektroni, ndiyo sababu mteremko huwa baina ya 60 na 80. Ukipata 72, umepata utando mzuri. Cha kuogopa ni 72 leo na 64 wiki ijayo.

Mimi hujenga utando kwa umeme, juu ya platinamu au dhahabu. Yeyusha miligramu 75 za kloridi ya iridiamu (IV) katika mililita 50 za maji yaliyotoneshwa, koroga nusu saa. Tia mililita 0.5 za peroksidi ya haidrojeni ya asilimia 30, koroga dakika 10. Kisha miligramu 250 za asidi ya oksaliki, dakika 10 tena. Ongeza kaboneti ya potasiamu kidogo kidogo hadi pH 10.5, ufunike, uache siku mbili. Rangi hutoka manjano hadi buluu au zambarau. Kabla ya hapo usianze. Waya uwe upande chanya, mkondo wa miliampia 0.15 kwa kila sentimita ya mraba. Ukiongeza mkondo ili umalize upesi, utando hutoka kama unga ukiufuta kwa kidole. Halafu uloweke siku mbili, kwani volteji ya utando mpya huhamahama sana ukiwa bado unanywa maji.

Dhahabu ya sonara wa Mji Mkongwe inafaa, ila omba ya karati 24. Ya karati 22 mara nyingi ina shaba, na maji ya chumvi yakipenya penye gundi ya epoksi shaba huingiza volteji yake. Ukiona ukijani kwenye maungio, itupe.

Pia unahitaji elektrodi ya rejea, ya kulinganishia volteji. Waya wa fedha safi ukilowekwa nusu saa kwenye jiki hugeuka kijivu cha kuiva: hiyo ni kloridi ya fedha. Baharini waya huo mtupu hufanya kazi, kwa kuwa kloridi ya maji ya bahari haibadiliki sana. Masika mambo hugeuka. Mvua ikipunguza kloridi ya kidimbwi kwa nusu, volteji ya rejea hupanda milivolti 18, na kwa mteremko wa 70 utasoma pH imepanda robo nzima ilhali haijapanda. Hilo kosa ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu namba yake inaaminika kabisa. Pima chumvi pamoja na pH, au tumia rejea yenye jeli ya kloridi ya potasiamu ndani yake.

Kwa sababu hiyo hiyo, ukitumia waya mtupu wa fedha, usisawazishe kifaa kwenye bafa za dukani, yaani vimiminika vya pH inayojulikana, za 4, 7 na 10. Bafa isiyo na kloridi ya kiasi kinachojulikana haiipi rejea pa kusimama. Chukua maji ya bahari yaliyochujwa, ugawe vikombe vitatu: kimoja kama kilivyo, kimoja kwa matone ya asidi hidrokloriki, kimoja kwa matone ya soda kali. Pima vyote kwa elektrodi ya kioo, kisha kwa yako. Usipite pH 9.5, magnesi huanza kuganda nyeupe na pH haitulii.

Adui mkubwa ni matope meusi yenye harufu ya mayai viza, kwenye mikoko na chini ya majani ya bahari. Salfaidi iliyomo humo huipa iridiamu elektroni, hali ya IV ikapungua, volteji ikashuka, nawe ukasoma pH imepanda. Tabaka jembamba la Nafion, plastiki inayopitisha ioni chanya, husaidia, maana hukataa ioni hasi kama HS⁻, ila H₂S isiyo na chaji hupita. Ikishagusa matope, ioshe kwa maji yaliyotoneshwa, uiloweke maji safi ya bahari yenye hewa, uisawazishe upya. Usitumie maji ya bomba yenye klorini. Hayo huisukuma upande wa pili.

Tangisteni ya fimbo za kuchomelea ni rahisi sana, na kwa skuli naipendekeza. Kwa mwani, hapana: oksidi yake huyeyuka kwenye alkali, na maji ya bahari yako karibu na pH 8.1.

Siku za bamvu, yaani za maji makubwa, huku kwetu maji hutoka sana karibu saa nne asubuhi, na tena saa nne usiku. Pima kidimbwi kile kile mara zote mbili, ukisawazisha kabla na baada. Asubuhi mwani hula kaboni dioksidi na pH hupanda. Usiku hupumua na pH hushuka. Kama vipimo viwili vya kusawazisha vimetofautiana zaidi ya milivolti 6, hapo umeshapoteza pH 0.1, na seti hiyo usiitumie.